Mauzauza ya Nzuguni: Simama Penye Alama, Fumba Jicho Moja

Kwenye maonyesho ya viinimacho, yaani vitu vinavyodanganya jicho, hatua mbili pembeni zinatosha kuua ajabu yote. Sakafuni mwa ukumbi huu zimechorwa nyayo za njano, kila moja mbele ya kitu chake, na watu wengi wanazipita tu. Wanapiga picha kutoka ubavuni, kisha wanatoka wakilalamika kwamba hawakuona kitu. Kanyaga nyayo hizo. Hesabu za kila chumba zimepigwa kwa ajili ya jicho lililo hapo hapo.

Ukumbi uko Nzuguni, Dodoma, karibu na stendi kuu ya mabasi, una vyumba sita. Kiingilio ni Sh 10,000 kwa mkubwa na Sh 5,000 kwa mtoto. Tenga saa moja na nusu.

Chumba cha Ames ndicho kilichojengwa kwa umakini kuliko vyote. Kimepewa jina la Mmarekani Adelbert Ames, aliyejenga cha kwanza. Ukichungulia kwenye tundu unaona chumba cha kawaida cha pembe mraba, ila mtu wa kona ya kulia anakaribia kugusa dari kwa kichwa, na mwenzake wa kona ya kushoto amekuwa kama mtoto wa chekechea. Ukuta wa nyuma umekaa mshazari: kona ya kushoto iko mbali karibu mara mbili ya ile ya kulia, sakafu inateremka kuielekea, dari inapanda, na vigae na madirisha vimekatwa upande ili kutoka kwenye tundu vionekane vimenyooka. Ubongo umezoea vyumba vya pembe mraba, kwa hiyo unakiamini chumba na kukubali kwamba watu ndio waliobadilika kimo.

Fumba jicho moja. Macho mawili hupokea picha mbili zinazotofautiana kidogo, na kutokana na tofauti hiyo ubongo hukadiria umbali. Ukichungulia kwa yote mawili kutoka juu ya ubao wenye tundu, kama wafanyavyo wengi, kona ya mbali inajifichua. Simu hupiga picha kwa lenzi moja, kwa hiyo inadanganyika vizuri. Ibandike kabisa kwenye tundu na uzime flashi, maana mwanga wake hufifia kabla ya kufika kona ya mbali na picha inatoka na upande mmoja wenye giza. Kisha waombe wawili wabadilishane kona wakifuata ukuta wa nyuma, wa tatu akichungulia. Atamwona mmoja akikua hatua kwa hatua na mwingine akinywea. Kwa watoto kuna kigoda, lakini lazima ukiombe.

Chumba cha bendera kinastahili muda zaidi ya kinavyopewa. Ukutani kuna bendera ya Tanzania yenye rangi za kinyume: pembetatu ya juu, upande wa mlingoti, ni ya waridi iliyokolea badala ya kijani, ya chini ni ya rangi ya chungwa badala ya buluu, mkanda wa kati ni mweupe wenye kingo za buluu. Kazia macho nukta ya katikati kwa sekunde 30. Kupepesa kunaruhusiwa, kuhamisha macho hapana, kwa sababu chembe za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zinatakiwa zichoshwe na rangi ile ile mahali pale pale. Ukihamia ukuta mtupu, chembe zilizochoka zinajibu kwa unyonge, zile zilizopumzika zinashinda, na bendera halisi inaelea mbele yako kwa sekunde kadhaa. Kasoro ni kwamba ukuta umepakwa rangi ya krimu na taa yake ni ya njano, kwa hiyo buluu inatoka imechujuka. Chukua karatasi nyeupe uitazame hiyo badala ya ukuta. Tofauti ni kubwa.

Kuna pia ubao wa mistari ya Mjerumani Müller-Lyer, kiinimacho cha mwaka 1889: mstari wenye vichwa vya mshale vinavyofunguka nje huonekana mrefu kuliko wenye vichwa vya kawaida. Hapa umewekewa kipande cha kuteleza. Unakivuta mpaka mistari ionekane sawa, kisha unageuza ubao na kusoma kosa lako kwa milimita. Karibu kila mtu anasahau kugeuza. Mwaka 1966 watafiti Segall, Campbell na Herskovits walichapisha utafiti uliolinganisha jamii mbalimbali, nyingi za Afrika, na kuonyesha kwamba watu hawadanganyiki na mistari hii kwa kiwango kimoja. Hoja yao ilikuwa kwamba anayekulia kwenye nyumba za kona kali hudanganyika zaidi, na hoja hiyo ingali inabishaniwa. Katika nchi ya Wagogo, ambako tembe lina kuta zilizonyooka na paa la bapa, tofauti kabisa na msonge wa mviringo, swali hilo lilistahili bango zima. Limekosa hata mstari mmoja.

Kwenye handaki linalozunguka, daraja halisogei hata kidogo. Pipa lenye taa ndilo linalozunguka kukuzingira. Macho yanasema unapinduka, sikio la ndani linasema umetulia, na miguu inafuata macho. Shika vyuma vya pembeni, na ukizidiwa fumba macho: ubishi unakwisha papo hapo. Mwenye kifafa, kipandauso au ujauzito apitie mlango wa pembeni, na usiingie ukiwa umetoka kushiba. Wahudumu wanaacha pazia la mwisho wazi ili foleni iende haraka, na mwanga wa mlangoni unalipatia jicho kitu cha kushikilia kilichotulia. Waombe walifunge.

Chumba cha vioo ndicho kilichotuvunja moyo. Vioo viwili vinavyotazamana hurudishiana mwanga, na kila mrudisho unapoteza kiasi, ndiyo maana taa za mbali zinafifia na kuelekea ukijani, rangi inayotokana na chuma kilichomo kwenye kioo. Lakini alama ya kidole nayo inarudiwa mara nyingi kama taa, na vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi halihitaji mwaliko. Kitambaa laini kipite kila baada ya kundi, si kila asubuhi. Sakafu nayo ni kioo: vaa suruali.

Bango la mlangoni linayaweka mazigazi ya barabarani pamoja na viinimacho hivi, na hapo limekosea. Lile dimbwi unaloliona mchana juu ya lami ya barabara ya Singida ni mwanga halisi wa anga, uliopindwa na hewa ya moto iliyo karibu na lami. Kamera inalinasa vilevile. Bendera inayoelea haipigiki picha, maana iko ndani ya jicho.

Nenda asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi foleni ya tundu la Ames inakupa sekunde kumi, ambazo hazitoshi. Umeme ukikatika, jenereta inawashwa lakini handaki halizungushwi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Mwenye miwani aje nayo. Maelezo ya ukutani ni ya Kiingereza kitupu, ila wahudumu wanaeleza vizuri sana kwa Kiswahili wakiulizwa. Mwalimu anayeleta darasa aligawe makundi ya watu wanane, na aanze na ubao wa mistari kabla watoto hawajaona handaki. Wakishaliona hilo, hakuna atakayekubali kupima milimita.