Nilimpeleka koko dispensari, wakamwitia soja

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hivyo mnivumilie. Dawa zilikuwepo, jengo limepakwa rangi mpya, laini haikuwa mbaya, hayo yote sina neno nayo.

Majuzi nilimpeleka koko wangu, yaani nyanya yangu, dispensari, ile ya huku kwetu upande wa Narok, jina siandiki maana tutarudi tu, hakuna ingine karibu. Koko Kiswahili chake ni cha soko, cha kuuza mbuzi, basi. Na kilichompeleka ni mambo ya kike, amekaa nayo muda mrefu anaficha mpaka siku moja usiku akaniambia mimi peke yangu. Tumefika tu nikaambiwa nibaki dirishani nimalize mambo ya SHA, hii bima ya afya ya serikali, si mnajua tangu ile ya zamani, NHIF, iondoke 2024 lazima usajiliwe kwanza ndio utibiwe bure, na ile namba ya siri ya kuthibitisha ilikuwa inatumwa kwa simu, na simu ya koko iko na mjomba, na mjomba amehama na ng'ombe. Nikiwa hapo nahangaika kumbe yeye ameshaitwa ndani.

Daktari akaona hawasikizani. Akafanya nini? Akatoa kichwa mlangoni akaita kwa nguvu, "Soja! Kuja unitafsirie hii shosho." (Shosho ni kwa Wakikuyu, lakini hiyo tuwachane nayo.)

Sasa huyo soja wa geti ni kijana wa boma la jirani, rika moja na kifungua mimba wa koko. Mmaasai yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Wa rika la mwanao ni mwanao, anakuita yeyo, yaani mama, kuna vitu hata kuvitaja mbele yake huwezi. Huyo ndiye asimame amuulize mama yake kama anatoka damu? Na mlango wazi, na laini yote inasikia? Nilipofika nilimkuta soja anaangalia ukuta jasho linamtoka, koko amejifunika shuka mpaka mdomoni anasema ni kichwa, kichwa tu kinauma. Akaandikiwa panadol. Anayefuata!

Nikasema kwa heshima, daktari, mimi ni mjukuu wake, nilikuwa hapo nje tu, si ungeniita. Akanijibu, maneno yake haya haya, "Nyinyi Wamaasai mna mambo mengi, hapa ni hospitali si manyatta." Akaendelea kuandika, macho hata hakuinua.

Mimi nasomea uuguzi ndio maana hii kitu inaniuma mara mbili. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema afya ni haki ya kila mtu, cha 56 kinaitaka serikali iweke mipango jamii zilizotengwa zifikiwe na huduma za afya, na wafugaji tumo kati ya jamii hizo. Mpango wenyewe ndio soja? Darasani tumefundishwa habari za Irihapeti Ramsden, nesi wa Kimaori kule New Zealand, aliyepigania kwamba mgonjwa ndiye wa kusema kama amehudumiwa kwa namna isiyomvunjia utu, sio anayemhudumia. Koko angeulizwa siku hiyo angesema nini? Asingesema kitu, angeenda nyumbani na panadol zake.

Nilikuwa niwape sifuri. Lakini kuna mhudumu wa afya wa kijiji, mmoja wa wale 100,000 waliopewa mabegi na serikali 2023, mama wa huku huku. Alikuja bomani akakaa kwa kigoda, akanywa chai, akauliza mvua, akauliza mbuzi na wajukuu, akapima presha, na ile supu ya mizizi koko anakunywa hakumgombeza nayo, aliuliza tu ni ya mti gani na anakunywa kiasi gani akaandika. Koko akafunguka mwenyewe. Kizazi kilikuwa kinashuka, muda wote huo! Yule mama akaturudisha pale pale dispensari, akamtafuta sista wa kliniki ya akina mama, mlango ukafungwa, pazia likavutwa, na huyo sista, jamani, alimshika koko kama mtoto wa mayai. Tukapewa barua ya hospitali kubwa.

Kwa hivyo siwezi kusema ni mahali pabaya. Halafu nikikumbuka mhudumu wa kijiji analipwa posho ya elfu tano kwa mwezi, na kazi aliyoshindwa daktari ndio aliifanya yeye, damu inachemka tena.

Nyota mbili. Tatu ukimkuta sista. Ukisikia yule daktari ndiye yuko zamu panda boda uende mbele, na mzee wako usimwache aingie peke yake, mambo ya SHA yatangoja.