Uzoefu wangu: albamu ya Tron: Legacy ya Daft Punk

Ukiisikiliza kwa spika ya simu utadhani Daft Punk, wale wawili wa muziki wa elektroniki kutoka Ufaransa, walisinzia. Muziki wa filamu ya Tron: Legacy, uliotoka Desemba 2010, umejengwa kuanzia chini: sintesaiza (vinanda vya umeme) nzito zimeibeba okestra ya wapigaji 85 iliyorekodiwa studio za AIR, London, kwa mpangilio wa Joseph Trapanese. Spika ya simu haifiki huko. Sauti nyingi za chini ya hezi 150 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde) zinapotea, na kipande cha "Recognizer" kinabaki violini zinazokimbia bila ardhi.

Kipande ninachokitumia kupima spika ni "The Game Has Changed", dakika 3 na sekunde 25. Kinaanza kimya kimya, kisha ngoma zinaanguka kwa kishindo. Kwenye spika ndogo ya bluetooth iliyofunguliwa hadi mwisho, kila ngoma ikipigwa violini zinazama, halafu zinaibuka tena. Rekodi haina kasoro. Ni spika inajikinga isipasuke. Shusha sauti hadi theluthi mbili, na punguza besi kidogo kwenye ikwalaiza. Ndiyo, punguza, na utasikia mengi zaidi. Mwenye sabufa aiweke ipige sauti za chini ya hezi 80 tu na aitoe kwenye kona ya chumba, maana kona inaivimbisha besi hadi ngoma za "Rinzler" zinavutana mkia.

Kwenye programu ya muziki zima ule mpangilio unaochanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata. Vipande ni 22 kwa muda usiofika saa moja, na vingine ni vifupi mno: "Fall" ina dakika 1 na sekunde 23 tu, hivyo ukiiibia sekunde 12 kila upande inabaki chini ya dakika moja. Usichanganye mpangilio wa nyimbo pia. Mahadhi ya "Overture" yanarudi kwa nguvu kwenye "Flynn Lives", na marejeo hayo hayana uzito kama hukupita katikati.

Ubora wa sauti weka wa juu kabisa. Kwenye "Adagio for Tron" mgandamizo wa faili ndogo unazikwaruza nyuzi, na hicho ndicho kipande bora cha albamu nzima, kwa sikio langu.

Kasoro? "Derezzed". Ndio wimbo wa klabu kuliko zote humu, na unakatika kwenye dakika 1 na sekunde 44, mwili ndiyo kwanza umeanza kuamka. "End of Line" nayo haifiki dakika 3. Kwenye filamu zinatosha, kwa kuwa zinafuata picha (Daft Punk wenyewe wanaonekana humo wakiwa madijei), lakini kwa mnunuzi wa albamu ni kama kupewa kijiko kimoja cha biriani. Sauti ya Jeff Bridges, mwigizaji wa filamu hiyo, kwenye "The Grid" inapendeza mara ya kwanza, baadaye utairuka.

Kuhusu toleo, tafuta lile kamili la 2020, kwani mwaka 2010 vipande vya ziada vilitawanywa kwa maduka tofauti. Ile R3CONF1GUR3D ya 2011 ni kitu kingine: ni kazi ya wanamuziki kama The Glitch Mob, M83 na Moby waliozifanyia upya nyimbo hizi. Okestra imepungua sana, ila nyimbo ni ndefu. Anayetaka kucheza anunue hiyo.