Eliptikali ya Kununua Malindi: Tazama Viungo Kabla ya Skrini

Malalamiko ya wasomaji wa Malindi na Watamu kuhusu eliptikali, ile mashine ya mazoezi ya kukanyaga ukiwa umesimama, ni yale yale. Mashine ilinunuliwa mpya ikienda kimya, masika yakapita, na sasa inagonga tak, tak, kila mguu ukishuka. Muuzaji hujibu kwamba ni bolti imelegea. Mara nyingi si bolti, ni kiungo kimeliwa.

Kwa hivyo hapa sitagusa skrini, spika wala programu za mazoezi. Urefu wa hatua una sentensi yake moja: tafuta sentimita 46 hadi 51, kwani chini ya hapo mtu mrefu hudunda badala ya kutembea. Yaliyobaki ni viungo.

Vihesabu. Eliptikali yenye mikono ya kusukuma ina viungo vitatu kila upande: wenzo wa kanyagio unapokutana na krenki (kile chuma kifupi kinachozunguka), unapokutana na mkono, na mkono wenyewe unaponing'inia kwenye nguzo. Jumla sita, na bado kuna beringi za shafti ya krenki na vijigurudumu vya relini. Vingi kati ya viungo hivyo havizunguki mzunguko mzima, huenda mbele na nyuma pembe ndogo tu, kwa hivyo grisi husukumwa pembeni na hairudi.

Ndani ya kiungo mna bushi au beringi. Bushi ni pete ya shaba au plastiki inayosuguana na shafti ya chuma bila kitu cha kubingiria katikati. Kule bara hudumu vizuri. Kwetu unyevu wa chumvi hupenya kwenye upenyo, shafti inashika kutu, na unga wa kutu unaikwangua bushi kama msasa hadi tundu linaacha kuwa duara. Likifika hapo, grisi mpya hunyamazisha mlio kwa muda mfupi tu, maana upenyo umeshapanuka. Beringi ya gololi iliyozibwa kwa mpira haiachi chumvi iingie kirahisi, na ikifa inabadilishwa peke yake bila kugusa shafti.

Jinsi ya kujua dukani: banua kile kifuniko cha plastiki kwenye kiungo kwa bisibisi bapa. Ukiona pete ya mpira mweusi yenye maandishi, ni beringi. Soma namba. 6203-2RS, kwa mfano, ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40 na unene 12, na hupatikana kwa wauza spea za mota na mashine za kufulia. 2RS maana yake mpira pande zote mbili. Ikiandikwa ZZ, vifuniko vyake ni vya bati, navyo haviizuii hewa ya bahari. Uliza kama vipimo ni vile vile, kisha mwombe fundi aweke 2RS. Ukiona pete tupu ya rangi ya shaba au plastiki, hiyo ni bushi.

Kisha ijaribu. Simamisha kanyagio katikati ya mzunguko, mwenzako aishike krenki isisogee, nawe tikisa wenzo kushoto na kulia. Halafu sukuma na vuta mkono wa juu. Kiungo kizima hakitoi sauti. Mwisho punguza ugumu hadi sifuri na uzungushe polepole kwa mkono: mkwaruzo unaorudi mahali pale pale kwenye kila mzunguko unatoka kwenye beringi ya krenki, na hiyo ni kazi ya kufungua mashine nzima.

Chaguo langu la kwanza silifichi: Precor EFX iliyotumika, hasa EFX 546. Precor ni kampuni ya Marekani iliyotoa EFX ya kwanza mwaka 1995, na muundo wake huweka krenki nyuma huku mbele ya wenzo ikibingiria juu ya mteremko. Uzuri wa 546 ni kwamba vishikio vyake havisogei. Viungo vinne vya mikono havipo kabisa, na kisichokuwepo hakishiki kutu. Inajizalishia umeme unapokanyaga, hivyo stima ikipotea unaendelea. Angalia betri yake ya ndani na vijigurudumu vya mbele. Kimoja kikiwa na sehemu bapa utausikia mdundo mguuni. Anayetaka mikono inayosogea achukue 556, akijua ameongeza viungo.

Ya pili ni Sole E35. Flaiwili, lile gurudumu zito linalolainisha mzunguko, iko mbele, hatua ni ya sentimita 51, na vijigurudumu viko nyuma juu ya reli. Hapo adui ni mchanga. Pangusa reli kwa kitambaa kikavu kabla ya kupanda, wala usipake oili ya injini, kwani mchanga hunatia humo na kutafuna vijigurudumu. Ikiwa imetoka Marekani moja kwa moja, soma kibandiko cha adapta: kama kimeandikwa volti 120 tu, isichomekwe kwenye 240 yetu.

Ya tatu ni zile zenye krenki kando ya mguu. Hazichukui nafasi kubwa, lakini kazi yote ya viungo imebanwa mahali padogo na kuvifikia ni tabu.

Za bei rahisi, zenye flaiwili nyepesi na bushi za plastiki, nunua tu ikiwa unaishi mbali na ufuo na hutaisikitikia.

Lililobaki ni la wauzaji. Wanatangaza kilo za flaiwili kana kwamba ndizo mashine, na ukiuliza kiungoni kuna nini hawajui. Dhamana nyingi hazigharamii kutu, nao wanalijua hilo wanapouza nyumba za ufuoni mwaka mzima. Semeni mapema, mnunuzi aamue! Na mashine za majumba ya Wataliano yanayofungwa msimu ukiisha zinapewa bei ya karibu na mpya kwa sababu ya mwenyewe alikuwa nani. Mashine iliyosimama imefungiwa miezi kadhaa kando ya bahari ina kutu zaidi kuliko iliyotumika kila siku hotelini. Kifuniko kikikataliwa kufunguliwa, usitoe pesa.

Ukishainunua, kaza bolti za krenki baada ya wiki ya kwanza. Krenki iliyolegea ukiendelea kuikanyaga, hula mahali inaposhikana na shafti, na baada ya hapo kukaza hakusaidii. Kila baada ya miezi mitatu toa bolti za viungo kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), futa, paka grisi ya baharini, ile wanayotumia mafundi wa mashine za boti, kisha rudisha. Beringi mpya ikiingizwa tunduni mwake ipigwe kwenye pete ya nje tu, kwa soketi yenye upana wake. Ukigonga pete ya ndani umeiua kabla haijafanya kazi.

Wa Lamu waifungue vipande kabla ya kuvuka kutoka Mokowe, kila kiungo kifungwe nailoni, na visilazwe ngamani, chini kabisa ndani ya boti, penye maji ya chumvi.