Utendi wa Mwana Kupona kama Zawadi ya Likizo

Likizo ya Desemba iliyopita nilimnunulia mpwa wangu wa miaka 12, msichana asiyetosheka na vitabu vya darasani, nakala ya Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu lililotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona, mama wa kisiwa cha Pate karibu na Lamu, aliyekuwa mgonjwa na aliyetaka kumwachia binti yake wosia. Umbo lake linamfaa mtoto mwepesi wa kushika: kila ubeti una mishororo minne ya mizani (silabi) nane, mitatu ya kwanza ikikubaliana kwa vina, na wa nne ukibeba kina kimoja kinachorudi hadi mwisho. Siku ya pili alikuwa akihesabu mizani kwa vidole, na ya tatu akanisahihisha mimi.

Lugha ni Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, ambapo njia huitwa ndia na macho huitwa mato, na kwa mtoto wa bara huo ni ugeni wa kweli. Hapo ndipo nakala niliyoinunua iliponiudhi, kwa kuwa sherehe, yaani orodha ya maana za maneno magumu, ni fupi mno na haina maelezo yoyote ya lahaja. Karatasi ni nyepesi, bei si haba. Beti za utiifu wa mke kwa mume zinahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye, nasi tulibishana juu yake jioni nzima. Sasa ameanza kumtungia bibi yake utendi. Amefika ubeti wa tisa.