Marilyn ya Andy Warhol: je, chapa ya Sunday B. Morning inafaa kununuliwa?

Marilyn halisi za Warhol, msanii wa Marekani, ni picha za uso wa mwigizaji wa filamu Marilyn Monroe: zilichapwa mwaka 1967, nazo ni kumi za rangi mbalimbali. Kila moja ina nakala 250, upana na urefu wa sentimita 91, saini ya penseli na namba iliyogongwa kwa muhuri nyuma. Hizo huuzwa minadani. Mabango ya maduka ya zawadi ni rahisi, lakini hutoka kwenye mashine ya ofseti, inayojenga rangi zote kwa vinukta vidogo. Katikati yake zipo chapa za wachapaji waitwao Sunday B. Morning, zilizoanza kutolewa mwaka 1970 kwa ukubwa uleule, na kwa skrini.

Skrini ndiyo sababu ya kuzipendekeza. Wino husukumwa kwa mpira upite kwenye matundu ya kitambaa kilichovutwa juu ya fremu, skrini moja kwa kila rangi, na rangi moja ikauke kabla ya nyingine kupita. Aliyewahi kuchapa fulana anaujua wino huo: hukaa juu, mzito, na kingo zake huonekana. Warhol alitumia skrini tano, nne za rangi na moja ya picha, iliyotokana na picha ya matangazo ya filamu ya Niagara ya 1953. Alikuwa mchoraji wa matangazo ya biashara New York kabla ya kuanza kuchapa picha kwa njia hii mwaka 1962, mwaka aliofariki Monroe. Rangi ya mdomo ikivuka mstari wake, usiihesabu kuwa kasoro. Alitaka hivyo, na uso ule hupata uhai wake hapo.

Kabla ya kulipa, inamisha karatasi kwenye mwanga wa pembeni: kila rangi ionekane kama tabaka lake. Kisha shika lenzi ya kukuza mara kumi. Waridi ya uso ikigawanyika kuwa vinukta vya samawati, waridi na njano, hiyo ni ofseti. Kwenye skrini waridi ni moja tupu. Geuza nyuma usome mihuri: wa jina la wachapaji, na mwingine unaomwambia mnunuzi ajaze saini yake mwenyewe. Toleo la 1970 lina mihuri myeusi, za baadaye bluu. Muuzaji akitaja bei ya Marilyn halisi ya 1967 kwa chapa yenye muhuri wa bluu, mwache.

Udhaifu wake ni uso wa wino: ukucha mmoja huacha mstari usiofutika, na karatasi ikikunjwa au kuviringishwa wino hupasuka. Agiza isafirishwe ikiwa bapa. Waridi kali hupauka juani, hivyo weka kioo kinachozuia mionzi ya urujuanimno, na vipande vya kukitenga kisiguse wino, maana hunata. Fundi asiibandike yote kwenye ubao. Aining'inize kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Mombasa au Unguja, acha nafasi ya hewa nyuma ya fremu, na usiitundike kwenye ukuta wa nje unaonyonya mvua: ukungu huanzia nyuma ya karatasi.