MRTG kwenye ruta ya intafesi zinazohamahama: uzoefu wangu

MRTG, programu inayochora grafu za matumizi ya mtandao, ni ya bure na inafaa, ila usiiache na mipangilio iliyokuja nayo.

Naisimamia intaneti ya hosteli moja huku Uyole, Mbeya. Laini kuu ni fiba, na kwenye ruta kuna modemu ya 4G ya USB ya akiba. Umeme ukikatika na kurudi, ambalo masika si jambo geni, grafu ya modemu inaanza kuchora matumizi ya fiba, na grafu ya fiba inalala sifuri kana kwamba wanafunzi wote wamefunga chuo. Mwenye hosteli huziangalia grafu hizo kabla hajatoa hela ya bando, kwa hiyo maswali yalikuwa yananijia mimi.

Ruta si mbovu. MRTG huiuliza kwa SNMP (lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao) kila baada ya dakika 5, na kwa kawaida huitambua intafesi, yaani kila mlango wa mtandao wa ruta, kwa namba yake, ifIndex. RFC 2863, waraka wa viwango vya intaneti, inataka namba hiyo idumu hadi mfumo utakapoanza upya. Baada ya hapo ruta ina ruhusa ya kugawa nyingine, huku MRTG ikiendelea kusoma ile ya zamani. Ukitaka kuhakikisha, piga snmpwalk ya ifDescr (amri ya kuorodhesha intafesi na namba zake), zima ruta, washa, piga tena, kisha linganisha.

Dawa ni kuendesha cfgmaker, zana ya MRTG ya kutengeneza faili la mipangilio, na --ifref=name, ili ifuate jina badala ya namba. Ila majina yasijirudie, na ujue faili za kumbukumbu nazo zitabadilika majina: usipozibadilisha zile za zamani zifanane na mpya, grafu zinaanza upya kabisa. Mwenye Cisco anaweza pia kuandika snmp-server ifindex persist (matoleo mapya: snmp ifmib ifindex persist) kwenye ruta yenyewe.

Ukiwa hapohapo, weka na --snmp-options=:::::2 upate kaunta (vihesabio vya data iliyopita) za biti 64. Ile ya biti 32, laini ikijaa Mbps 100, inajaa na kurudi sifuri kabla ya dakika 6. Kasi ikizidi hapo, grafu inadanganya.

Kwa hosteli naibakiza MRTG. Kwa anayeuza intaneti kwa PPPoE (mteja huingia kwa jina na nywila), ambako kila mteja akiunganika intafesi yake inaweza kupata namba mpya, singeipendekeza. Huyo achukue LibreNMS, programu nyingine ya kufuatilia mtandao, aiambie itambue intafesi kwa jina lake, ifName, na aandae seva yenye nguvu kidogo.