Waini ya Rioja: kabla hujasoma lebo, zungusha kwanza foili

Wasiokunywa samahani, tuonane makala ijayo. Wengine karibuni, leo nina hasira.

Mwezi wa saba hapa Madrid, nyuzi joto 38, nimealikwa kwa dada mmoja wa Mombasa anayekaa mtaa wa pili, kachoma mbuzi mzima mzima, nikasema leo siendi na soda. Nikapita duka moja jirani nikachukua reserva (daraja la waini iliyozeeshwa) ya Rioja, mkoa wa waini kaskazini mwa Uhispania, ya yuro 32. Jina la bodega (kiwanda cha waini) nalificha maana kosa si lao. Kufungua hivi, kizibo kikatoka kimelowa mpaka juu, kumimina, ladha kama jemu ya plamu iliyosahaulika jikoni, harufu hakuna, uchachu hakuna. Dada wa watu kwa adabu zake akamaliza nusu glasi akasema "nzuri dada, nzito tu". Nzito! Nilitaka nizame chini ya meza.

Chupa ile nimeitoa dirishani mwa duka. Dirisha la kioo, jua la mchana kutwa, nayo imesimama wima kama askari. Mimi mwenyewe nimeichukua kwa mikono yangu, ilikuwa ya moto, na bado nikalipa.

Kwahiyo mambo ya medali na pointi na "harufu ya matunda meusi" leo mtanisamehe. Nataka tuongelee joto, maana hakuna anayeliongelea. Waini ikipata moto inatanuka, inasukuma kizibo, inavuja kidogo kidogo, hewa inaingia, basi kwisha habari yake, hata ukiiweka friji wiki nzima hairudi. Ukiwa dukani fanya hivi: pitisha kidole juu ya mdomo wa chupa, kizibo kikiwa kimejitokeza kama kifungo chini ya foili, rudisha. Kisha jaribu kuzungusha ile foili. Ikizunguka vizuri, dalili njema. Ikiwa imenata kama imepakwa asali, inawezekana ilivuja (sio lazima, zingine zimebanwa tu kiwandani, lakini mimi sibahatishi tena). Halafu angalia ujazo shingoni, chupa ya miaka michache ikiwa imeshuka kuliko wenzake kwenye rafu hiyohiyo, jiulize imeenda wapi.

Haya, tupange sasa. Na sifichi, mimi ni mtu wa bodega ya López de Heredia, mnaonifuata mnajua.

Namba moja ni Viña Bosconia Reserva yao. Bodega iko mji wa Haro, eneo la Rioja Alta, imeanza 1877 na mpaka leo ni ya familia ileile. Chupa yake utaijua haraka, mabega yamelala na tumbo pana. Zabibu nyingi ni Tempranillo, kisha Garnacha, na Graciano na Mazuelo za kuongezea kidogo. Inakaa kwenye pipa la mwaloni miaka kama mitano, wakati sheria ya Rioja inataka reserva ikae pipani mwaka mmoja tu kati ya mitatu. Mitano! Na mapipa wanajitengenezea wenyewe, wana mafundi wao palepale. Rangi haiwi nyeusi tii, ni nyekundu inayoelekea kahawia, na ina uchachu unaokata mafuta ya nyama bila kelele. Wenyewe kule wanakula na chuletillas, vile vipande vidogo vya mbavu za mwanakondoo vinavyochomwa juu ya matawi makavu ya mzabibu. Mbuzi wa dada yangu ingemfaa sana, ndio maana naumia.

Nilishuka kwenye mahandaki yao mwaka juzi. Baridi, giza, unyevu, na utando wa buibui umening'inia kama mapazia, nikadhani wamechoka kufagia. Kumbe wameuacha makusudi, buibui wanakula nondo wanaotaga kwenye vizibo. Yaani buibui ameajiriwa kulinda kizibo! Halafu unatoka hapo unapanda juu, duka la kuonjea limechorwa na msanifu majengo Zaha Hadid, linang'aa kama chombo cha angani. Mimi nilibaki nawaza wale buibui. Watu wanalinda chupa gizani miaka yote hiyo, halafu muuza duka mmoja anaiweka dirishani Julai.

Namba mbili, Viña Gravonia, nyeupe ya haohao. Zabibu ni Viura tupu, miaka minne pipani. Ukizoea nyeupe za kunywa kama maji ya limao utashtuka, hii ina ladha ya karanga na nta na chumvi kwa mbali. Usiigandishe, itoe friji nusu saa kabla. Wahispania watakwambia bacalao (samaki chewa wa chumvi), na ni kweli, ila mimi nimeinywa na samaki wa kupaka, tui zito, ukwaju kidogo, na sijaona sababu ya kurudi kwenye bacalao.

Namba tatu, Muga Reserva, nao ni wa hapohapo Haro, mtaa wa stesheni ya treni ambako bodega kubwa zimejipanga kama maduka ya Kariakoo. Nao wana mafundi wao wa mapipa, na waini wanaisafisha kwa ute wa mayai mabichi. Ina matunda zaidi na inapatikana kirahisi, ukiwa na viazi vya kirioja umefika, ila vile viazi vina chorizo (soseji ya viungo), na chorizo ni nguruwe, ulizeni kwanza.

Crianza (daraja la chini ya reserva) za supermaketi za yuro 6 au 7: angalia stika ndogo ya nyuma, nyekundu ni crianza, damu ya mzee ni reserva, bluu ni gran reserva, iliyozeeshwa zaidi. Waini za boksi, ambazo si Rioja, ni za kuchanganya na soda ya limao na barafu. Tuendelee.

Bei sasa. Tondonia rozé, waini ya pinki ya López de Heredia haohao, hiyo hata kwenye orodha siiweki. Mavuno ya 2000 yalitoka, kisha kimya mpaka ya 2008, na ilipotoka wachuuzi wakaikamata yote wakairudisha sokoni kwa mamia ya yuro, chupa moja, watu ambao zabibu hawajawahi kuichuma. Na mgahawa nao unakupiga mara tatu ya bei ya duka halafu wanakuletea waini nyekundu ya vuguvugu kama uji.

Lile duka nilirudi, na chupa, na risiti. Jamaa akanusa sekunde moja akaniambia "señora, waini ya zamani ndivyo ilivyo". Nikamuonyesha kizibo, akaangalia simu yake. Hela hakurudisha.

Jana nimepita pale jioni. Zimebaki tatu, palepale dirishani, wamebandika karatasi ya manjano: ofa, yuro 29.